Rangi ya Desemba

Pa Ekundayo Pratt alipoambiwa kwamba kwenye ukumbi wa kanisa kuna darasa la kuchora kwa rangi ya mafuta, alicheka mpaka kiuno chake kibovu kikamtia adabu. Rangi ya mafuta? Yeye aliyezipaka rangi ya mafuta nusu ya nyumba za mbao za Murray Town hapa Freetown, leo akafundishwe na binti ambaye hajawahi kusimama juu ya ngazi huku upepo wa bahari ukimvuta shati?

Lakini alikwenda. Sababu aliyoitangaza ilikuwa kiuno. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi, daktari akamkataza kupanda tena, na mtu aliyeshika brashi tangu ana miaka kumi na saba hawezi kukaa barazani kutazama kuku wa majirani. Sababu aliyoificha ilikuwa Anti Remi.

Remilekun Nicol, mshonaji, mjane wa miaka sabini na mbili, alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya mbao aliyoijenga babu yake juu ya msingi wa mawe mekundu. Chini alihifadhi makorokoro. Juu alilala, na juu hukohuko, kwenye dirisha la upande wa bahari, ndiko ilikokaa cherehani yake. Kila Desemba, kwa miaka kumi na tisa, Pa Pratt aliipaka rangi nyumba hiyo ili Krismasi iikute imependeza. Alipoanza kazi ile mke wake alikuwa hai. Mke akafariki, na Desemba zikaendelea kuja.

Sasa mpwa wake Anti Remi, Sylvanus, kijana wa benki mwenye nyumba ya saruji kule Lumley, alikuwa hamwachi shangazi yake apumue. Hama, Anti. Mbao zimechoka, Anti. Chumba kipo, Anti. Mwishowe Anti Remi akamwambia Pa Pratt, "Nichoree nyumba yangu, Ekundayo. Sylvanus macho yake mwenyewe hayaamini. Labda ataamini yako."

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba, kwa sababu Pa Pratt alijua jambo ambalo Anti Remi hakulijua. Nyumba ile ilikuwa imeoza.

Alikuwa amejua kwa miaka kumi na miwili. Desemba moja, akiwa juu ya ngazi anakwangua rangi ya zamani kwenye nguzo ya pembeni, kikwanguo kilizama kwenye mti. Akajaribu mbao zilizo chini ya dirisha la cherehani, mbili zikabonyea. Akachungulia boriti inayoshikilia sakafu, akaona mchwa wamekwisha pita na kula walichotaka. Alishuka ameazimia kusema. Chini akamkuta Anti Remi amemwekea fufu, ule ugali laini wa muhogo, na mboga chungu, amevaa gauni jipya, anamwuliza kama pilipili imetosha. Akasema imetosha. Akasema na nafsi yake kwamba atamwambia mwakani. Akanunua puti ya kuzibia mashimo, akaziba, akapiga msasa, akapaka rangi mara mbili, na nyumba ikang'aa kuliko zote mtaani. Mwakani naye akasema mwakani.

Basi huyo ndiye mwanafunzi aliyeingia darasani kwa Hawanatu Kallon. Siku ya kwanza tu, mwalimu alimkuta anamimina kitu kwenye rangi.

"Pa, unatia nini?"

"Mafuta ya taa. Rangi yako nzito kama uji wa mzazi."

"Tapentaini ipo pale mezani."

"Binti, nyumba zote za mtaa huu zimepunguzwa rangi kwa mafuta ya taa, na hakuna hata moja iliyokuja kunishtaki."

Hawanatu alikuwa na umri wa mjukuu wake, lakini hakuwa mtu wa kutishwa na mvi. Alimnyang'anya chupa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akamweleza kwamba tabaka la chini liwe jembamba, na kila la juu lizidi mafuta kidogo, la sivyo picha itapasuka. Hilo Pa Pratt alilielewa hata kabla binti hajamaliza. Alikwisha kuona milango mingi iliyopasuka kwa sababu fundi alikuwa na haraka ya kwenda kunywa.

Picha ya kwanza ilimchukua wiki tatu. Aliianza juu, kwenye mabati, akashuka ubao mmoja mmoja kana kwamba ana ngazi mkononi. Kioo cha dirisha kilichovunjika alikitengeneza. Bati lililonyanyuka alilipigilia. Baraza iliyokuwa imelalia upande mmoja aliinyanyua ikawa sawa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama, akaona kazi safi.

Hawanatu aliitazama muda mrefu.

"Imenyooka," akasema.

"Nashukuru, Ticha."

"Sijakusifu bado, Pa. Kivuli kiko wapi?"

"Kivuli gani?"

"Chini ya paa. Katikati ya ubao na ubao. Kwani jua la Freetown halina kivuli?"

"Mimi nimelipwa miaka hamsini kuondoa weusi kwenye mbao. Leo unataka niurudishe bure?"

Darasa zima likacheka, na Hawanatu naye akacheka, ila hakumwachia. "Nyumba hii ilijengwa lini?"

"Ah, zamani. Kabla ya ile vita ya pili ya Wazungu."

"Basi mbona kwenye picha yako imejengwa juzi? Pa, hii si nyumba. Hili ni tangazo la duka la rangi."

Alikasirika. Alibeba picha yake mbichi, akatoka bila kuaga, akampelekea Anti Remi, ambaye ndiye aliyeiagiza na ndiye aliyekuwa na haki ya kuihukumu. Anti Remi alishika shavu. Alisema, "Ni yenyewe hasa," akaitundika sebuleni juu ya kabati, na Pa Pratt akala fufu siku hiyo kwa furaha ya mtoto aliyepasi mtihani.

Furaha hiyo haikuvuka Jumapili. Baada ya kanisa Sylvanus alikuja, na maneno yakawa yaleyale.

"Anti, mvua hizo zinakuja. Umesahau nyumba ya akina Bickersteth? Iliwaangukia wamelala."

"Akina Bickersteth walikaa miaka kumi bila kupaka rangi. Mbao ni kama ngozi, usipozipaka mafuta zinapasuka. Yangu mimi naipaka kila Desemba." Anti Remi akaelekeza kidole juu ya kabati. "Itazame hiyo. Hiyo ndiyo nyumba ya kuanguka?"

"Hiyo ni picha, Anti."

"Aliyeichora anaijua kila ubao. Huyo hapo amekaa, muulize."

Sylvanus akageuka. Hakuwa kijana mbaya. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri kwa ajili ya shangazi yake. "Pa Pratt, niambie kweli. Ni imara?"

Pa Pratt akatazama kofia yake. "Mbao za zamani," akasema, "si kama za siku hizi."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na bado ulikuwa uongo mkubwa kuliko yote aliyowahi kusema. Anti Remi aliketi amefurahi, kama mtu aliyeshinda kesi. Sylvanus akaondoka na ufunguo wa gari mkononi bila kunywa hata tangawizi aliyomiminiwa. Pa Pratt akatembea hadi kwake akijichukia. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini yeye maradhi aliyoyaficha hayakuwa yake, na kilio kingekuwa cha mwanamke aliyempenda. Ndiyo, alimpenda. Mzee wa miaka sitini na saba hana haja ya kuzungukazunguka, angalau ndani ya kichwa chake.

Jumamosi alirudi darasani, akaomba radhi.

"Nifundishe kivuli," akamwambia Hawanatu.

"Kivuli hakifundishwi. Chukua kigoda, ukakae mbele ya nyumba hiyo asubuhi nzima. Usibebe brashi."

"Nikafanye nini bila brashi?"

"Hicho ndicho ninachotaka ujiulize, Pa."

Akakaa ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli. Wapita njia hawakumwonea huruma. "Pa Pratt, unailinda isitoroke?" akauliza muuza akara, zile bajia za kunde. Mwingine akamwuliza kama Anti Remi amekataa posa ndiyo amehamia barabarani. Aliwajibu wote kwa kupunga kofia, kwa sababu alikuwa ameanza kuona. Mgongo wa paa ulikuwa umebonyea katikati. Dirisha la cherehani halikuwa mraba tena, kona yake moja ilikuwa imeshuka. Chini yake, pale alipoziba kwa puti mwaka hadi mwaka, rangi iling'aa kupita kiasi, laini kuliko mbao za pembeni, kama kovu. Miaka kumi na miwili aliitazama nyumba ile kwa karibu, pua ikigusa ubao, asione kwamba nyumba nzima inapiga magoti.

Na juu ya hayo yote, dirishani, Anti Remi alikuwa anashona gauni la harusi ya mtu, anaimba wimbo wa kanisani, na mguu wake unapiga sakafu iliyoliwa na mchwa.

Picha ya pili aliichora kwa siku tisa. Hakuanza juu. Alianza na weusi wa chini ya sakafu. Hawanatu alimwonyesha jinsi ya kupata kahawia kwa kuchanganya nyekundu na kijani, na kijivu cha mbao iliyokufa kwa tone la buluu, na mzee akagundua kuna kahawia nyingi kuliko alizowahi kuziona dukani. Aliona haya kwa jinsi kazi ile ilivyompa raha. Mkono wake, uliofundishwa kuficha, ulijua vizuri kuliko mkono wowote mahali pa kufichua: hapa puti, hapa ufa, hapa pamebonyea. Akampaka Anti Remi dirishani, alama ndogo tu ya gauni la manjano na kichwa kilichoinama.

Siku alipoimaliza, Hawanatu alisimama nyuma yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Pa, huyu mama anakaa humu mpaka leo?"

"Anakaa."

"Na anajua?"

Pa Pratt akaanza kufunga brashi zake. "Kesho atajua," akasema.

Alipiga moyo konde, akaibeba. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya kilima. Anti Remi alifuta mikono, akaiweka picha kwenye kiti cha barazani, akainama.

"Hii umeiharibu," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri. Hii nini hapa chini ya dirisha langu?"

"Kuoza."

"Kuoza wapi? Desemba umepaka mwenyewe."

"Nimepaka juu ya puti, Anti. Chini ya puti hakuna ubao. Hiyo nguzo ya pembeni pia. Na boriti iliyo chini ya cherehani."

Anti Remi alichomoa pini ndefu ya kofia yake ya kanisani iliyotundikwa mlangoni, akaenda kwenye nguzo, akaisukuma pale rangi ilipong'aa zaidi. Pini ikazama yote, mpaka kichwa chake kikagusa rangi, bila yeye kutumia nguvu yoyote. Akaichomoa. Akajaribu chini zaidi, ikazama. Akajaribu mara ya tatu, halafu akakaa.

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na miwili."

"Miaka kumi na miwili," akarudia polepole. "Wajukuu wa dada yangu walilala humu Krismasi. Watoto sita, Ekundayo. Waliruka humu ndani. Na wewe ulikuwa hapo kwenye kiti unawapigia makofi."

Pa Pratt alikumbuka vizuri makofi hayo.

"Nenda kwako," akasema Anti Remi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Siku nne Pa Pratt hakula chakula cha maana. Alijua amefanya jambo la haki, na alijua amelifanya akiwa amechelewa miaka kumi na miwili, na la pili lilikuwa linalimeza la kwanza. Siku ya tano Sylvanus akaja kugonga. Akamshika mkono, akamshukuru, jambo lililomzidishia aibu. Kisha akasema, "Anti amekubali kuhama. Jumamosi anafanya awujoh, awaage wazee waliotangulia. Amesema lazima uje."

"Mimi? Amesema mimi?"

"Amesema, 'Mwambie huyo mtu wa puti aje, na avae suti.'"

Watu wa Murray Town Jumapili huwa kanisani, na siku ya awujoh, ya kuwalisha wafu, huwa kwenye shimo la chakula chao, na hakuna anayeona mgongano. Huhami nyumba ya babu yako kama mwizi, unawapikia, unawaeleza. Jumamosi hiyo uwanja ulijaa harufu ya maharage na akara. Shimo dogo lilikuwa limechimbwa kando ya msingi wa mawe. Anti Remi, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, alisimama mbele yake amevaa kaba lake, gauni pana refu jeupe, akamwaga maji, akatia chakula, akawaita kwa majina: babu aliyejenga, mama, baba, mume wake. Hakumtazama Pa Pratt hata mara moja.

"Naondoka," akawaambia. "Si kwamba nimewachoka. Sababu ataisema mwenyewe aliye na sababu." Hapo ndipo alipogeuka. "Njoo. Sogea karibu, babu alikuwa hasikii vizuri."

Watu wakacheka kidogo. Pa Pratt akasogea ndani ya suti yake ya mazishi. Aliwahi kukwea paa la kanisa bila kamba, lakini mbele ya shimo lile, lisilozidi sufuria kwa ukubwa, alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Akasema. Akasema kikwanguo kilivyozama, akasema puti, msasa, rangi mara mbili, mwaka hadi mwaka. Akasema alimficha mwenye nyumba, akamwacha alale juu ya hatari. Akaomba radhi kwa babu, kwa mama, kwa baba. Kwa mume aliomba mara mbili.

Anti Remi akachukua kokwa mbili za kola, akazipasua, vipande vinne, akavirusha chini. Viwili vikitazama juu na viwili chini, wazee wamekubali. Vilianguka vitatu kifudifudi.

"Hawajaridhika," akasema, anaviokota. "Wanasema hujamaliza."

"Nimesema yote, Anti."

"Mimi sijui. Wao ndio wanaojua."

Akarusha tena. Vitatu vikaanguka kifudifudi tena. Muuza akara, aliyekuja na familia yake, akaguna. Anti Remi alisimama na vipande mkononi, anasubiri. Hakuwa anamdhihaki. Na yeye alitaka kujua.

"Ningekwambia," Pa Pratt akasema, na sasa hakuwa anazungumza na shimo, "Sylvanus angekuhamisha mwaka uleule. Nyumba ingebomolewa. Na nyumba ya saruji haihitaji mtu kila Desemba. Ningekuja kwako kwa kisingizio gani? Siku zile mbili tatu za kupaka ndizo nilizokuwa nazo kwa mwaka mzima. Nilihofia kuzikosa kuliko nilivyohofia nguzo. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu mbaya. Nimemaliza."

Sylvanus akatazama viatu vyake kwa adabu. Anti Remi akarusha kola, safari hii bila kuangalia, na ikabidi mpwa wake ainame ahesabu. Viwili juu, viwili chini.

Alimpa Pa Pratt kipande kimoja, kama desturi ilivyo, naye akabaki na kimoja. Wakatafuna wote wawili. Ilikuwa chungu, na walitafuna muda mrefu.

"Bado nina hasira na wewe," Anti Remi akasema.

"Najua."

"Itachukua muda."

"Chukua."

Akafuta mdomo kwa leso. Alikuwa anaitazama nyumba yake, nyekundu na nyeupe, ikimeremeta juu ya mawe yake na ndani hakuna kitu. "Mtaa huu wote watu wanapaka baada ya miaka mitatu, minne," akasema. "Wenye uwezo, miwili. Wewe ni fundi. Ulishawahi kuona nyumba inayohitaji kupakwa kila mwaka?"

Pa Pratt akazihesabu Desemba zake kumi na tisa, moja moja, na kila moja ni Anti Remi aliyemwita.

"Basi," akasema Anti Remi. "Nenda ukale, maharage yanapoa."